Nihame Canon niende Sony, au nibaki? Kazi ni harusi

Kijana_wa_RockCity
Wakuu heshima kwenu. Nina milioni 3 mkononi, nataka niachane na Canon nichukue Sony a7 III. Au nivute Nikon D750 ya used, chenji ibaki? Vijana wote wanaonipokonya kazi hapa Mwanza wana Sony. Bibi harusi wa mwezi uliopita kaniambia picha zangu zimekufa. Mwisho wa mwezi nina harusi nyingine na advansi nimeshakula, kwa hiyo nahitaji maamuzi ya haraka. Wajuzi karibuni, matusi pembeni.

BabaNaima
Uzi nusu huu, mkuu. Canon ipi? Lenzi ipi? Flashi unayo? Milioni 3 ni ya bodi tupu au na lenzi? Na hizo picha zimekufaje: giza, ukungu au rangi? Hata fundi gari huwa anauliza kwanza kelele inatokea wapi.

SonyMtu_Sinza
Hama mkuu, usisikilize wazee. a7 III inashika jicho la mtu na haliachii, bibi harusi acheze atakavyo. Mimi nilitoka huko huko uliko wewe na sijageuka nyuma.

Mpemba_Halisi
Huyo mteja kasema picha zimekufa, hakusema kamera imekufa. 😂

Kijana_wa_RockCity
Samahani wakuu. Ni EOS 80D, na lenzi ni ile iliyokuja nayo, 18-55. Flashi ninayo, ya Kichina, na ninaielekeza darini kama nilivyofundishwa. Malalamiko ni kwamba sura ya bibi harusi ilitoka na uzambarau, na gauni jeupe likawa kama la kijivu. Mwenzangu aliyepiga send-off ya binti huyohuyo ana Sony na picha zake zilitoka safi.

DadaLenzi
Hapo sasa tunaweza kuongea. Darini mwa ukumbi huo kulikuwa na nini? Na hiyo send-off ilifanyika wapi, ukumbini au nje?

Kijana_wa_RockCity
Darini mpambaji alitandaza vitambaa vya zambarau, ndiyo rangi waliyoichagua maharusi. Send-off ilikuwa nje, jioni, nyumbani kwao.

DadaLenzi
Kesi imeisha, kaka. Flashi ukiielekeza darini, mwanga unarudi na rangi ya kile ulichogonga. Dari jeupe linakurudishia mweupe, na kitambaa cha zambarau kinakurudishia zambarau, tena kinameza nusu ya nguvu ya flashi. Ukiipa kazi hiyo Sony ya milioni 8, binti atatoka zambarau vilevile. Mwenzako alikuwa na jua la saa kumi na moja, angepiga hata kwa simu ingependeza.

Ukumbi wa namna hiyo achana na dari. Tafuta ukuta mweupe pembeni uupige huo, au toa flashi juu ya kamera, iweke kwenye stendi na mwavuli mweupe, iwashwe kwa kitriga. Vifaa hivyo havifiki hata robo ya hela yako.

Gauni la kijivu nalo lina sababu yake. Kamera haijui kwamba hilo ni gauni. Inachokiona inataka kiwe cha wastani, kijivu cha katikati. Weupe ukijaa kwenye fremu inaona mwanga umezidi, inaupunguza: gauni linakuwa la kijivu, na uso wa binti yetu mweusi unazama gizani kabisa. Ukikaribia gauni peleka ile alama ya kuongeza na kupunguza kwenye +1, halafu utazame uso kwenye kioo, usitazame gauni. Canon, Nikon, Sony, zote zina tabia hiyo.

SonyMtu_Sinza
Dada, kubali tu kwamba rangi za Canon ni za zamani.

Tambi_Mombasa
Yakhe, kila siku hapa husemwa Canon ndiyo yenye rangi nzuri ya ngozi, leo imekuwa ya zamani? Piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalipika kama JPEG, rangi utaitengeneza mwenyewe kwenye kompyuta. Watu wabishania JPEG kama vile wagombania mirathi.

SonyMtu_Sinza
Mteja anataka picha usiku huohuo aweke status. RAW ya nini?

Tambi_Mombasa
Kamera nyingi zapiga zote mbili kwa pamoja, hata hiyo 80D. JPEG mpe usiku, RAW kaa nayo.

Ticha_Moro
Naomba nitoe ushuhuda, maana wanaosema kamera haina maana yoyote nao wananichosha.

Nilipata harusi ya familia moja yenye uwezo, kanisani mpaka ukumbini. Kamera yangu ilikuwa ya jina kubwa, nalihifadhi, lakini ilikuwa na tundu moja tu la kadi. Kanisani kila kitu poa. Ukumbini, wakati mama mzazi anamvisha binti kitenge na ukoo mzima umezunguka na vigelegele, kioo kikaandika kadi haisomeki. Nikazima, nikawasha, bado. Nikachomoa kadi nikaipangusa na shati, bado. MC anaita "mpiga picha uko wapi!" na watu wote wananigeukia. Nikaweka kadi ya akiba nikaendelea, huku moyo uko mfukoni na ile kadi iliyokufa.

Usiku kucha nilikuwa na PhotoRec, programu ya kurudisha picha zilizopotea. Ilirudisha nyingi za kanisani, lakini za kitenge zilirudi nusu picha nusu mistari ya kijani. Baba mtu akataka hela yake yote. Ikabidi shangazi yao aingilie, nikapita kwa wageni mmoja mmoja kukusanya picha za simu, nikatengeneza albamu, nikarudisha nusu ya malipo. Mpaka leo nikipita mtaa ule natembea upande wa pili.

Kwa hiyo, kijana, jina la kampuni liache, ila tundu mbili za kadi ni lazima kwa harusi, kila picha iandikwe kwenye kadi zote mbili. D750 inazo, a7 III inazo, 80D yako haina.

BabaNaima
Ticha kaongea. Lakini D750 ni ya mwaka 2014, ukinunua used muulize muuzaji shata, lile pazia linalofunguka kila ukipiga, imeshapiga picha ngapi. Nikon iliwahi kutangaza kubadilisha shata kwenye baadhi ya kamera hizo, angalia namba ya bodi.

DadaLenzi
Naunga mkono tundu mbili. Ila a7 III kwa milioni 3 ni bodi ya used na lenzi huna, utapiga na nini? Kwa sasa chukua lenzi ya f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi), Tamron au Sigma 17-50. Hiyo yako ukiivuta mwisho inafika f/5.6. Hata ile 50mm f/1.8 ya bei rahisi inapitisha mwanga karibu mara 10 ya hapo, ila kwa 80D inaona eneo jembamba, picha ya ukoo utarudi nyuma mpaka jikoni.

Mpemba_Halisi
Hapa Mji Mkongwe tuna Capital Art Studio ya tangu 1930, aliianzisha marehemu Ranchhod Oza. Nenda kazitazame zile picha za nyeusi na nyeupe, watu, majahazi, barabara. Na yule mpiga picha wa Mali, Seydou Keïta wa Bamako, mandhari yake ya nyuma mara nyingine ilikuwa shuka la kitandani, wateja kawapanga nje kwenye mwanga wa jua, na kila mteja kwa kawaida alipigwa picha moja tu. Lakini ukiona picha yake unaijua bila kuambiwa: namna watu walivyokaa, mkono ulivyowekwa, maua ya gauni yakishindana na maua ya shuka. Nyinyi mnapiga elfu tatu kwa harusi moja na zote zinafanana.

SonyMtu_Sinza
Keïta hakuwa na MC wala taa za DJ, mzee.

Mpemba_Halisi
Ndiyo maana alikuwa na amani.

Kijana_wa_RockCity
Nimewaelewa wote, lakini wateja hapa wanauliza kabisa kwenye simu, "una Sony?" Nikisema Canon wanakata bei.

Tambi_Mombasa
Watumie albamu ya harusi moja nzima, si picha tatu zile nzuri. Atakayeuliza kamera baada ya hapo ana lake.

Ticha_Moro
Wapambaji nao wana makosa. Kwa nini darini? Si wapambe meza?

BabaNaima
Waliniwekea balbu za kijani harusi ya mdogo wangu. Wazee wote wametoka kama wana homa ya manjano.

DadaLenzi
Ongea na mpambaji kabla ya siku, wengi ni waelewa. Wabishi ni DJ na zile taa zao.

Mama_Kibo
Wakuu samahani naingilia. Hiyo D750 used, hapa Arusha naipata kwa nani? Na lenzi za zamani za baba yangu, AF-D, zitafanya kazi?

BabaNaima
Zitafanya. AF-D hazina mota yao ya fokasi, ila bodi hiyo inayo ndani. Ukichukua D3500 au D5600, ambazo hazina mota hiyo, utafokasi kwa mkono. Njoo PM.

Kijana_wa_RockCity
Kwa Mwanza kuna mwenye 17-50 ya kukodisha ya Canon? Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Darini safari hii wameniambia ni vitambaa vya rangi ya pichi.