Tupeane uzoefu: timu ya iGEM msimu wa kiangazi huwa inabomokea wapi?

MzeeWaPipeti
Wakuu, uzi wa jana wa nauli za kwenda Paris, kwenye kilele cha iGEM (mashindano ya kimataifa ya timu za wanafunzi wanaounda jeni na bakteria wapya), umetonesha kidonda. Kila mwaka timu mpya zinaingia na hesabu ile ile: likizo ina miezi mitatu, muda upo. Muda gani? Tovuti ya timu inafungwa Oktoba isihaririwe tena, na majaji wanasoma kilichomo humo, siyo kilicho kwenye jokofu lako. Jeni la kuagiza kiwandani linaweza kuchukua wiki kadhaa. Likiwa na herufi za DNA G na C nyingi kupita kiasi, au vipande vinavyojirudia, kiwanda kinalikataa na unaanza kuliandika upya. Agizo lisiloondoka Mei hufika watu wameshachoka. Na kabla hujaagiza, tafuta GAATTC ndani ya jeni. Hapo ndipo EcoRI, kimeng'enya cha kukata DNA, inapokata. Kwa mfumo wa zamani wa BioBrick, unaounga vipande vya DNA kwa kimeng'enya hicho, jeni lako litatoka vipande viwili. Badili herufi moja bila kugusa asidi amino za protini yake, yamekwisha. Tiririkeni, ila mje na vipimo.

Bint Agari
Kwangu pabaya kuliko pote ni ile asubuhi ya makoloni (vishada vya bakteria) mekundu.

Kwa wasiojua: plasmidi mama nyingi za iGEM (plasmidi ni duara dogo la DNA linalobebwa na bakteria) huja na jeni la protini nyekundu ndani yake, na wewe unatakiwa kulitoa uweke lako. Timu inakata, inaunganisha kwa ligasi (gundi ya DNA), inaweka mikrolita 2 kwenye mikrolita 50 za bakteria E. koli, barafu dakika 30, nyuzi 42 sekunde 45, barafu tena dakika 2, chakula kisicho na antibiotiki, saa moja kwenye nyuzi 37, kisha sahani ya agari (jeli ya chakula cha bakteria) yenye antibiotiki, ambamo hupona wenye plasmidi tu. Kesho yake makoloni mia mbili! Picha zinapigwa, ujumbe unakwenda kwa profesa. Ukitazama vizuri yote yanageuka pinki, jioni mekundu kama pilipili. Hiyo siyo kazi yenu, ni plasmidi mama ambayo haikukatika, imeingia kama ilivyotoka kiwandani.

Unayemtaka ni yule mweupe mmoja pembeni. Naye msimwamini: huenda plasmidi imekatika ikajifunga yenyewe ikiwa tupu. Chukueni weupe wanane, PCR ya koloni (kunakili DNA yake), jeli ya kupima urefu, na wenye urefu mnaoutarajia mtume wakasomwe herufi.

Dawa yake: nakilini plasmidi mama kwa PCR, kisha kimeng'enya DpnI saa moja kwenye nyuzi 37. DpnI hula DNA iliyotoka kwenye bakteria wa kawaida, kwa sababu ina alama za methili, na kuiacha ya PCR isiyo nazo. Wekundu wanapungua mno.

kaka_ligasi
Naunga mkono hoja. Hasa hiyo ya picha kwa profesa 😂

Mpishi wa LB
Mmesahau sahani za kulinganishia. Seli bila DNA kwenye sahani yenye antibiotiki: kisiote kitu. Kikiota, antibiotiki yako imekufa, na sababu kubwa ni kuimimina kwenye agari ya moto. Subirini ipoe hadi nyuzi 50 hivi, chupa ishikike mkononi. Seli bila DNA kwenye sahani isiyo na antibiotiki: pajae. Pasipojaa, mmeua seli. Ya tatu, plasmidi ya uhakika pikogramu 100, mpande zote mhesabu. Makoloni 100 ni sawa na makoloni milioni moja kwa mikrogramu ya DNA, na kwa kazi ya ligasi nataka walau mara kumi ya hapo.

Daktari Ethanoli
Mpishi, usiwatishe watoto. Kloramfenikoli inavumilia joto.

Mpishi wa LB
Nimesema antibiotiki, mkuu, sikusema kloramfenikoli.

Daktari Ethanoli
Basi sema ampisilini! Hiyo ndiyo inayokufa. Na hata ikiwa nzima, sahani ikikaa siku mbili kwenye nyuzi 37 utaona vidoti vidogo vimezunguka koloni kubwa. Koloni kubwa linaitafuna ampisilini iliyo jirani, wasio na plasmidi wanapona hapo. Msivichukue. Na ampisilini inayeyuka kwenye maji, kloramfenikoli kwenye ethanoli. Anayechanganya haya mawili asipewe ufunguo wa maabara.

Bint Agari
Haya, wazee wawili, tumewaelewa 🙏

Mama Tovuti
Mnapigania sahani, wakati medali inapotea kwenye makaratasi. Fomu ya nani alifanya nini, ukiichezea iGEM wanakunyima medali. Ijazeni kila Ijumaa, Oktoba hakuna atakayekumbuka. Tovuti inajengwa kwa Git (programu ya kutunza matoleo ya faili) kwenye seva ya iGEM yenyewe, kwa hiyo wafundishwe watu watatu. Anayejua akiwa mmoja, wiki ya mwisho atapata homa, andika ninachokwambia.

kaka_ligasi
Timu iwe na watu wangapi kwani? Mimi nasema 8 wanatosha, zaidi ya hapo ni wapiga picha.

Mama Tovuti
Nane? Toa watatu wa tovuti, mmoja wa fedha, wawili wa kuongea na wadau nje ya maabara. Ligasi utaifanya wewe na nani? 14.

Mpishi wa LB
14 kwenye benchi la mita mbili, mtagongana viwiko. Gaweni zamu.

Pasi Mkononi
Samahani kuingilia. Wenye pasi ya Tanzania au Kenya mnaosoma Uingereza au Marekani: Paris ni viza ya Schengen. Mwisho wa kuomba ni siku 15 kabla ya safari na unaruhusiwa kuanza miezi 6 kabla. Anzeni Agosti, nafasi za miadi ndizo zinazoisha. Mwenye kibali cha ukaazi cha Ujerumani au Uholanzi anapita bila viza, abebe kibali na pasi vyote viwili.

kaka_ligasi
Na chapati za njiani.

Daktari Ethanoli
Mpishi, hivi ile agari unaipima joto kwa kiganja kweli? Nunua kipimajoto.