Mbegu za mbuyu zimegoma kuota, watoto wameanza kukata tamaa

Mama Kitalu
Habari za jioni wadau. Niko Lindi. Mtaani kwetu tuna kitalu kidogo cha miti ya asili, na kila Jumamosi watoto 12, wa miaka 7 hadi 11, wanakuja kujaza viriba na kumwagilia. Mipingo imeota vizuri. Mibuyu ndiyo imetushinda: wiki ya tano hii, hakuna hata mche mmoja. Juzi nimemkuta mtoto anafukua kiriba chake kwa kijiti, mbegu iko kiganjani, ananiuliza, "Imekufa?" Nilikosa jibu. Naombeni ushauri, sitaki waache.

Mstaafu wa Misitu
Pole binti yangu. Ganda la mbegu ya mbuyu ni gumu, maji hayapenyi. Isugueni kwa msasa upande mmoja mpaka weupe wa ndani uonekane, kisha mloweke usiku kucha. Kazi ya msasa waachie watoto, wataipenda. Ila mbegu mlizitoa wapi?

Mama Kitalu
Shikamoo mzee. Walikula ubuyu wa dukani, ule mwekundu, wakakusanya kokwa.

Mstaafu wa Misitu
Marahaba. Basi tatizo ni hilo. Ubuyu ule umepikwa na sukari, kiini nacho kimeiva humo humo. Tafuteni buyu kavu lililodondoka, walivunje wenyewe, waoshe unga. Halafu wapasue kokwa moja ya dukani na moja ya buyu, wafananishe viini. Usiwaambie jibu, waache waone.

Jirani
Kwa nini msipande mwarobaini tu? Unaota upesi.

Mstaafu wa Misitu
Mwarobaini asili yake Bara Hindi, ndugu. Mzuri, lakini hawa wanajifunza miti ya kwao.

Mwalimu wa Kwale
Waongezee mkongo, huku kwetu twauita mbambakofi. Mbegu yake kubwa, nyeusi, ina kofia nyekundu. Wanafunzi wangu huigombania. Na mwalike bibi mmoja wa mtaani akae nao kitaluni. Mimi nilisomea miti chuoni, lakini majina na matumizi ya mingi nimeyapata kwa nyanya mmoja aliyekuja kutusaidia kumwagilia.

Mama Kitalu
Asanteni sana. Nyuma ya uwanja wa mpira kuna mbuyu, mabuyu yamedondoka. Msasa nimeshanunua. Yule wa kijiti nimemwambia buyu la kwanza atalivunja yeye.