Naomba ushauri: pikapu ya dizeli iliyotumika, ya kuvuta tela la korosho

Habari zenu, ndugu zangu. Nipo Masasi, na kabla msimu wa korosho haujaanza ninahitaji pikapu itakayovuta tela lenye magunia 20 ya kilo 80, yaani tani 1.6 bila uzito wa tela lenyewe, na kupandisha nalo mlima wa Newala. Ninasita kati ya Hilux yenye injini ya 1KD, lita 3.0 na tabo (kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini), na Land Cruiser ya 1HZ, lita 4.2 isiyo na tabo, ambayo kwa maoni yangu ni rahisi zaidi kutengenezeka huku kwetu. Hilux niliyoikagua juzi ilikuwa na rangi mbichi kwenye chesisi, na nilipoikwangua kwa ufunguo nikakuta alama za kuchomelea karibu kabisa na ndoano ya tela. Je, chesisi iliyochomelewa hapo inafaa kuaminiwa? Na nozeli za 1KD, zile zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini, nizipimeje kabla ya kulipa?