Yule jamaa kanivalia miwani ya jua mbele ya watu, sitalala leo

Wakuu mnamjua, msinilazimishe nimtaje, yule ambaye laptop yake ina stika mpaka kwenye chaja. Jioni hii naonesha gemu langu la nyoka, konsoli tupu ya Windows (lile dirisha jeusi la maandishi), nimeliandika kwa C++, projekta ya kuazima, na skrini inapepesa kidogo. KIDOGO. Bwana mkubwa anaingiza mkono mfukoni, anatoa miwani ya jua, anavaa. Usiku! Ndani ya ukumbi! Watu wamecheka mpaka mlinzi kaja kuuliza kama ni msiba au harusi.

Sasa nani alitufundisha kuweka system("cls"), ile amri ya kufuta skrini, kabla ya kila fremu, yaani kila picha mpya ya gemu? Si yeye? Tena kwa mbwembwe, ubao mzima. Na miwani hakuivua jamani, kauliza na swali akiwa nayo usoni, eti "bafa yako ya pili iko wapi?", yaani ile sehemu ya memori ya kuchorea kwa kificho kabla ya kuonesha. Ya pili ipi, hata ya kwanza hujawahi kuitaja! Miwani!! Nikifumba macho naiona.

kodi_na_chapati: Pole mkuu ila mimi ningevaa mbili 😂 Hiyo system("cls") inaamsha cmd.exe, programu ya amri ya Windows, upya kila fremu, skrini inabaki tupu mpaka umalize kuchora, ndo pengo watu wanaloliona. Chora kwanza kwenye memori, 80 kwa 25 ni herufi 2000 tu, rudisha kishale juu kushoto, mwaga zote kwa mkupuo.

mtoto_wa_geti: Na uache endl kila mstari, inalazimisha kumwaga kila mara, weka \n ya kuvunja mstari tu

Mleta uzi: Sijaomba tuisheni, nazungumzia MIWANI

pengwini_mkavu: Kwani CreateConsoleScreenBuffer ya Windows imekufa? Unakuwa na skrini mbili, unachora iliyojificha, ukimaliza SetConsoleActiveScreenBuffer inaileta mbele. Ila hamieni Linux tu, ncurses, maktaba ya kuchora kwenye terminali, inalinganisha skrini ya zamani na mpya yenyewe, doupdate yake inatuma vilivyobadilika basi.

kodi_na_chapati: Nyie wa Linux hata kwenye uzi wa mchele mtatokea

pengwini_mkavu: Endelea kusubiri apdeti zako

bi_terminali: Afadhali wewe miwani, mimi huyohuyo kaondoka na flashi yangu tangu Ramadhani

mtoto_wa_geti: Kumbe tuko wengi!! Mimi kanichukulia waya wa HDMI, ule mrefu wa njano

bi_terminali: Subiri. Wa njano? Ule si wangu uliouazima kwangu wewe?