Naomba ushauri: jirani wa Pittsburgh ameniambia nyasi zangu "needs cut"

Mgeni wa Kigoma: Wakubwa, shikamooni; wengine, habari za wakati huu. Nimehamia Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, na majira ya kuchipua yamenikuta nikipanga nyumba yenye uwanja mbele na nyuma. Kiingereza cha shuleni hakinifikishi mbali, kwa kuwa watu hapa husema "yinz" wakimaanisha nyinyi nyote, na juzi mzee wa nyumba ya pili aliegemea uzio akasema, "Your grass needs cut," kisha akaongeza kwamba Jumamosi mtaa utafanya "redd up". Kwetu uwanja hufagiliwa hadi udongo ung'ae, maana nyasi mlangoni ni maficho ya nyoka. Hapa huzitilia mbolea, halafu huzikata. Je, mzee alikuwa ananigombeza? Na nikipanda mchicha nyuma ya nyumba, nitaonekana sina adabu?

Mama Neema: Mwanangu, hakukugombeza; alisema tu kwamba nyasi zako zinahitaji kukatwa. Hata gari chafu watakwambia "needs washed", wakiruka maneno "to be" ambayo mwalimu wako angeyadai, na usemi huo, pamoja na "redd up", yaani kusafisha na kupanga vitu, unatokana na wahamiaji wa Uskoti na Ulster, kaskazini mwa Ireland, waliofika Pennsylvania katika karne ya 18. Jumamosi nenda na glavu na reki, uokote taka pamoja nao. Watakuuliza maswali mengi; mdadisi wa namna hiyo wenyewe humwita "nebby". Nyasi zikate, lakini kwanza soma mkataba wako, kwani huenda kazi hiyo ni ya mwenye nyumba.

Mkulima wa Uani: Mchicha panda, kwa ruhusa ya mwenye nyumba, ila usiwe na haraka: wenyeji husubiri hadi Siku ya Akina Mama, Jumapili ya pili ya Mei, ipite, kwa sababu jalidi ya usiku, yaani umande ulioganda, huua miche. Jambo zito zaidi ni udongo. Rangi za nyumba zenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, zilipigwa marufuku Marekani mwaka 1978, na nyumba nyingi za Pittsburgh ni kongwe kuliko hapo, hivyo mabaki ya rangi iliyobanduka huweza kuwa yamejaa kandokando ya kuta. Pima udongo, au panda kwenye sanduku la mbao lenye udongo wa kununua.

Mgeni wa Kigoma: Nashukuru sana. Je, mbegu za mchicha mwekundu mnazipata wapi?

Mama Neema: Maduka ya Waasia, mwanangu. Uliza "amaranth".