Kisu cha kukunja cha bei ya chini: tununue jina au chuma?

Mleta mada, Kibirizi
Wakuu, salaam. Wakubwa shikamooni. Jana hapa mwaloni Kigoma kijana wa toroli alinionyesha visu viwili vya kukunja. Kimoja mpini wa mbao, kimegongwa OKAPI, na kile kipete chake mgongoni: elfu nane. Kingine kinang'aa kama kioo, muhuri wake stenlesi: elfu nne. Mzee aliyekuwa anapara samaki aina ya kuhe akaniambia, "Chukua cha pete, hicho kingine urembo." Mwenzake akambishia: okapi siku hizi jina tu, tena kisu cha vibaka. Nikaondoka mikono mitupu. Mnasemaje?

Wa Ujiji
Jina lile lina mizizi. Visu hivyo vilianza Ujerumani mwaka 1902, vikitengenezwa viletwe makoloni ya Afrika, vikapewa jina la mnyama wa misitu ya Kongo, hapo ng'ambo yetu. Baadaye kazi ikahamia Afrika Kusini. Kitu kibovu hakidumu hivyo.

Mnoa visu, Mwanga
Kaka, muhuri hugongwa na yeyote mwenye mashine. Naletewa okapi mbili, moja inakata, nyingine bati. Na hiyo stenlesi inakwambia tu kwamba kutu itachelewa. Ugumu unatokana na jinsi chuma kilivyopashwa moto na kupozwa kiwandani, na hilo huwezi kuliona kwa macho. Kilicho laini utakinoa dakika mbili, asubuhi kinachana karatasi, mchana makali yamelala. Pitisha ukucha taratibu utasikia yamepindia upande mmoja.

Okapi ya kweli ni chuma cha kaboni. Inashika kutu, sibishi. Ilaze na maji ya samaki, asubuhi ina madoa. Ila ukiifuta na kuipaka tone la mafuta, hata mawese, jiwe la kawaida linairudishia makali.

Mimi nakishika ncha na mpini, nakitikisa kushoto kulia. Kikicheza kwenye msumari, narudisha. Halafu nakifungua mpaka mwisho, kijikaze kikiwa wazi, nagonga mgongo wake polepole kwenye ubao, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Kikijikunja hapo, siku moja kitaondoka na kidole chako.

Wa Ujiji
Kwa hiyo majina yote ni bure?

Mvuvi, Katonga
Mfaransa mmoja aliniachia kisu cha kukunja cha kwao, Opinel, jina la tangu 1890. Kinakata, jamani! Siku ya tatu mtumbwini mpini wa mbao ukavimba maji, kisu hakifunguki hata kwa meno. Jina kubwa, ila Ziwa Tanganyika halikuambiwa.

Mama Migebuka
Ninyi mnaongea chuma, mwenzenu naongea aibu. Nilikuwa na okapi mkobani. Nikiifungua, kra-kra-kra, mteja anarudi nyuma hatua mbili. Sasa nina kisu cha jikoni cha mpini wa plastiki, nakisuuza, nakifunga kwenye kitambaa. Kukunja kwa nini hasa?

Mvuvi, Katonga
Shikamoo mama. Kaa nacho kiunoni usiku unavuta nyavu, utajua kwa nini.

Mama Migebuka
Marahaba. Hilo nakupa.

Mleta mada, Kibirizi
Nimerudi kwa yule kijana leo. Chenye pete nimekitikisa, hakichezi. Nikaomba nigonge mgongo kwenye ubao wa toroli. Akakidaka mkononi mwangu: "Mzee, ukigonga umenunua."