Walibertari wa Marekani na maprogresivu, hivi hawa ni ndugu au maadui?

Mtoto_wa_Mabibo aliuliza:

Wakuu habarini. Kuna jambo linanichanganya, na kijiweni kila nikiuliza naishia kuambiwa hao ni mabepari tu achana nao, nimeona nilete huku kwa wanaojua.

Najua Marekani kuna Wademokrati na Warepublikani, na ndani ya Wademokrati kuna wale wa kushoto zaidi, maprogresivu, akina Bernie Sanders na Ocasio-Cortez. Halafu pembeni kuna walibertari, wale wanaosema serikali ikae mbali na mtu na mfuko wake, wana mpaka chama chao tangu 1971. Nikiwasoma kwenye kodi, bima ya afya na kima cha chini cha mshahara naona hawa wako kulia kuliko Warepublikani wenyewe. Nikiwasoma kwenye bangi, vita, polisi na magereza naona wako kushoto kuliko Wademokrati!

Juzi nilikuwa naangalia ile kura ya Julai 2013, baada ya Snowden kumwaga siri za NSA, shirika la ujasusi la Marekani. Justin Amash, Mrepublikani wa Michigan mwenye mawazo ya kilibertari, aliungana na mzee John Conyers, Mdemokrati wa Detroit, wakataka bunge likate hela ya kukusanya rekodi za simu za wananchi. Walishindwa, 205 kwa 217. Lakini cheki waliowaunga mkono: Wademokrati 111, Warepublikani 94. Na waliopinga? Boehner na Pelosi, wakubwa wa pande zote mbili, wakawa kitu kimoja siku hiyo.

Sasa huu ni undugu wa kweli au ndoa ya mkeka?

Wakili_wa_Vijiweni:

Swali zuri mkuu, tena ulichotaja wala sio ajali. Mimi huwa sihangaiki na kulia na kushoto kwa hawa watu, naangalia serikali imeshika nini. Ikiwa imeshika pingu, bunduki au faili lako, walibertari na maprogresivu wanakaa meza moja. Ikishika pochi, yaani inakusanya na kugawa, wanaachana hapohapo na hawasalimiani.

Upande wa pingu mifano ipo mingi. Juni 2020 baada ya George Floyd kuuawa Minneapolis, huyohuyo Amash, ambaye kipindi hicho alishahama Republikani na kuingia chama cha Libertarian, alipeleka muswada pamoja na Ayanna Pressley wa Massachusetts, progresivu haswa, mmoja wa wale wadada wa kundi la Ocasio-Cortez. Walitaka kufuta ile kinga inayowalinda askari wasidaiwe fidia mahakamani. Na hiyo kinga ina kituko chake, kwa sababu sheria ya kumshtaki ofisa wa serikali ipo tangu 1871, ilitungwa enzi za Ku Klux Klan ili watu weusi waliotoka utumwani wapate pa kukimbilia, sasa karne iliyofuata Mahakama Kuu ikaja kuipunguza makali, ikasema askari hadaiwi mpaka uonyeshe kwamba haki aliyoivunja ilikuwa imeshathibitishwa wazi, na kwa vitendo hiyo inamaanisha utafute kesi ya zamani inayofanana sana na yako, usipoipata umekwisha. Mlibertari anachukia hilo kwa sababu ofisa wa serikali amewekwa juu ya sheria. Progresivu anachukia kwa sababu anajua nani anapigwa. Wamefika palepale kwa njia mbili. Muswada haukufika popote lakini.

Uliofika ni ule wa magereza, First Step, Desemba 2018. Seneti 87 kwa 12. Hapo ulikuta mtandao wa akina Koch, matajiri wanaochukiwa na kila progresivu, wanasukuma kitu kimoja na ACLU, wale watetezi wa haki za kiraia, na Van Jones, mwanaharakati wa kushoto, na aliyesaini ni Trump. Halafu 2019 Sanders na Mike Lee, Mrepublikani wa Utah, na Chris Murphy, Mdemokrati, wakapitisha Seneti azimio la kuitoa Marekani kwenye vita vya Yemen, 54 kwa 46, likapita na kule Baraza la Wawakilishi, Trump akapiga veto.

Kwa hiyo ndoa ya mkeka sio neno baya. Ila imefungwa mara nyingi mno kuwa bahati mbaya.

Dada_wa_Dallas:

Wakili umeongea vizuri lakini hiyo ya pingu na pochi haitoshi, umeacha katikati. Kuna serikali inayoshika muhuri. Leseni jamani, leseni!

Mimi niko Texas huku na wasusi wengi wa kiafrika nawajua, wakongo, wakenya, wabongo, wa Afrika Magharibi ndo usiseme. Sasa google jina Isis Brantley. Huyu mama ni Mmarekani mweusi, anasuka nywele hapa Dallas, na 1997 alikamatwa na polisi, kisa anasuka bila leseni ya urembo. KUSUKA. Hana dawa ya nywele, hana mkasi, ni vidole tu. Baadae jimbo likamruhusu asuke, ila alipotaka kufundisha wengine wakamwambia shule yake lazima itimize masharti ya shule za vinyozi, yaani eneo la futi za mraba 2,000, viti kumi vya kinyozi na masinki matano ya kuoshea. Msusi wa twende kilioni anataka masinki matano ya nini?

Unajua nani walimtetea bure mahakamani? Institute for Justice, mawakili wa kilibertari. Januari 2015 jaji wa shirikisho akasema masharti hayo hayana mantiki, na mwaka huohuo bunge la Texas likafuta kabisa udhibiti wa kusuka. Ni watu haohao walioshinda Utah 2012 kwa dada mmoja wa Sierra Leone, aliambiwa asome saa 2,000 za chuo cha urembo ndio aruhusiwe kusuka.

Mimi ninawapigia kura Wademokrati na sijifichi, nataka bima ya afya ya kila mtu, hapo walibertari tutatukanana. Lakini nilijiuliza hawa wetu walikuwa wapi, maana wateja wa kesi hizo mbili ni wanawake weusi, mmoja wao mhamiaji, yaani watu walewale ambao progresivu anasema anawapigania. Kuwa mkweli, 2015 hiyohiyo Ikulu ya Obama ilitoa ripoti ikisema leseni za kazi zimezidi na zinawaumiza watu wa chini. Ila mahakamani walishatangulia wenzao.

Msee_wa_Minneapolis:

Dada wa Dallas nakubaliana na wewe kabisa, na huku kwetu Minnesota story ni ya nyumba.

Desemba 2018 Minneapolis ilipitisha mpango wa kuondoa ile sheria kwamba mtaa fulani ni wa nyumba ya familia moja pekee, sasa plot moja unaweza kujenga nyumba ya familia tatu. Oregon wakafuata 2019, California 2021. Walibertari wamelia juu ya hizi sheria za mipango miji miaka nenda rudi, kwamba shamba ni langu, kwa nini mniambie nijenge nini. Maprogresivu wakaja baadaye wakiangalia historia, kwamba hizo sheria zilisaidia kuwaweka watu weusi na maskini nje ya mitaa mizuri, si kwa kuwataja rangi bali kwa kufanya nyumba ndogo ziwe haramu. Hapo wakashikana mikono safi kabisa.

Lakini vuka mto Mississippi uende St. Paul, ni dakika chache tu kwa gari. Novemba 2021 wapiga kura huko walipitisha rent isipande zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka, na walijumuisha hata nyumba mpya ambazo hazijajengwa. Hiyo ilisukumwa na maprogresivu walewale. Wajenzi wakaanza kukimbia, na 2022 baraza la jiji likabadilisha, nyumba mpya zikapewa miaka 20 bila hiyo kofia. Libertarian anakwambia si tuliwaambia, progresivu anakwambia na huyo mama anayeongezewa rent leo angojee apartment itakayojengwa 2030? Mimi ni mpangaji na najua niko upande gani, lakini kwa ujenzi wale jamaa walikuwa na point.

Mzee_wa_Kisutu:

Mnawapamba sana hawa watu. Vijana someni 1964.

Barry Goldwater, seneta wa Arizona, hakuwa mbaguzi wa kujulikana, alipigia kura sheria za haki za kiraia za 1957 na 1960. Ile kubwa ya 1964 akaikataa. Kwa nini? Kwa sababu ilimwambia mwenye hoteli na mwenye mgahawa huwezi kumfukuza mtu kwa rangi yake, na ilimwambia mwajiri hivyohivyo, yeye akaona hapo serikali imeingia kwenye mali ya mtu binafsi. Matokeo yake alipogombea urais mwaka huo alipata majimbo sita tu, la kwake na matano ya kusini kabisa, mnajua wenyewe kusini walimpendea nini. Mnasema 1964 ni zamani? Mei 2010 Rand Paul ametoka kushinda kura za mchujo Kentucky, akaulizwa kwenye TV kuhusu sheria hiyohiyo, akaanza kuzungukazunguka kwamba kipengele cha biashara binafsi kinampa shida. Kesho yake akasema angeipigia kura. Kesho yake!

Wale wanafunzi wanne weusi waliokaa kwenye kaunta ya Woolworth kule Greensboro 1960 hawakuzuiwa na serikali peke yake. Walizuiwa na mwenye duka. Kwa mlibertari kamili hapo hakuna kosa la kisheria, mwenye duka ana duka lake, wewe kamwekee mgomo. Progresivu hawezi kukaa na wazo hilo hata dakika moja. Hapo ndipo pa kutazama, msiniletee nywele.

Wakili_wa_Vijiweni:

Shikamoo mzee. Hapo nakubali, tena naongeza kwamba walibertari wenyewe wamegawanyika juu ya 1964, wapo wanaosema ubaguzi wa kusini ulikuwa sheria za serikali kwa karne nzima, kwa hiyo kuuvunja kulihitaji serikali. Nayaona ni majibu ya kuchelewa lakini yapo.

Ila na wewe mzee soma Kelo, 2005. Mji wa New London, Connecticut, unataka kutwaa nyumba za watu, sio wajenge barabara wala hospitali, ni ili eneo liendelezwe lifanane na kituo cha utafiti cha Pfizer kilichojengwa jirani. Mama Susette Kelo na nyumba yake ya pinki akagoma. Wakaenda mpaka Mahakama Kuu, akapoteza 5 kwa 4, na waliompa ushindi mji ni majaji wale wa kiliberali wote wanne pamoja na Kennedy, jaji wa katikati. Waliokuwa upande wa mama? Institute for Justice tena, na NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, walipeleka maombi yao mahakamani kumuunga mkono, kwa sababu wao wanajua historia, nyumba zinazobomolewa kwa jina la maendeleo kule mara nyingi ni za nani. Jaji Clarence Thomas kwenye maoni yake ya kupinga aliliandika hilo wazi. 2009 Pfizer wakatangaza wanaondoka, na kiwanja kikabaki majani miaka mingi.

Kwa hiyo mwenye duka anaweza kuwa adui, na halmashauri inayomtumikia mwenye kampuni pia. Mimi ningependa mtu mwenye masikio ya pande zote mbili, sema hapati kura.

Mtoto_wa_Mabibo:

Nimewaelewa wakuu, mzee shikamoo na wewe. Sasa swali la mwisho, kwa nini hawa hawaungani wakawa chama? Na pochi, hawawezi kukutana hata kidogo?

Msee_wa_Minneapolis:

Kwa pochi wamewahi kukaribiana. Milton Friedman, baba wa soko huria, ndiye aliyepigia debe wazo la kumpa maskini pesa mkononi kupitia mfumo wa kodi badala ya programu mia za serikali. Leo wanaotaka kila raia apewe pesa ya msingi kila mwezi wanalitaja jina lake bila aibu. Shida inakuja kwa neno "badala ya". Friedman alitaka zile programu zingine zife, maprogresivu wanataka pesa hiyo iongezwe juu yake.

Na chama usitegemee bro. 2006 Brink Lindsey, akiwa Cato, taasisi ya utafiti ya kilibertari, aliandika kwamba waliberali na walibertari waoane, watu wakajadili wee, ikaishia hapo. 2022 chama cha Libertarian kikachukuliwa na kundi la Mises, wale wa kulia zaidi. Mei 2024 wakamwalika Trump kwenye mkutano wao Washington, akazomewa ukumbini, na bado aliwaahidi kumwachia Ross Ulbricht, mfungwa aliyeanzisha Silk Road, soko la mtandaoni la dawa za kulevya, Januari 2025 akamsamehe kweli. Mgombea wao alikuwa Chase Oliver, kijana shoga aliyeanza siasa kwenye maandamano ya kupinga vita, yaani huyo ndiye progresivu angeweza kumsikiliza, akapata kura kama 650,000 nchi nzima. Gary Johnson 2016 alipata karibu milioni nne na nusu.

Dada_wa_Dallas:

Na hizo milioni nne na nusu ni asilimia 3 tu, chama sahau. Angalia kesi. Timbs, Indiana, Februari 2019. Jamaa kauza heroini kidogo kwa askari waliojifanya wateja, kakiri kosa, faini ya juu kabisa ni dola 10,000, jimbo likamchukua Land Rover ya dola 42,000 aliyonunua kwa hela ya bima ya baba yake aliyefariki. Institute for Justice wakampigania, ACLU nao wakaunga mkono, majaji wote tisa wakasema majimbo nayo yanabanwa na katiba kwenye faini za kupitiliza. Hukumu iliandikwa na Ginsburg, mama yao maprogresivu. Gari alirudishiwa 2020.